Waziri Hali Karoti

Kabla hamjaniambia kwamba kuna watu hawana unga na mimi niko hapa nalilia tumbo la sungura, wacha niwaokolee muda. Nishaambiwa. Mwenye nyumba aliniambia, wenzangu wa kazini waliniambia, na shangazi yangu aliniambia mbele ya wageni, sinia ya pilau iko katikati, kwamba badala ya kulea sungura si ningezaa. Wapo pia walioniambia kwamba sungura wa nazi ni mtamu kuliko kuku, na hao angalau hawazunguki. Nimewasikia wote. Leo zamu yangu.

Naishi Chaani, hapa Changamwe, chumba kimoja na kibaraza, pamoja na sungura dume anayeitwa Waziri. Nilimpa jina hilo kwa sababu hukaa tu, hunenepa, na ukimuuliza jambo hugeuza uso. Sikumnunua. Jirani yangu wa chini alikuwa na vizimba kumi, enzi zile kila mtu alipokuwa anaambiwa sungura ni dhahabu: nyama utawauzia mahoteli, mkojo utawauzia wakulima kama mbolea na dawa ya wadudu, ngozi utamuuzia sijui nani. Hiyo ndoto mnaijua. Ilipita kama ile ya kware. Jirani alipohama aliuza vizimba, akauza sungura, akabakiwa na mmoja mwembamba ambaye hakuna aliyemtaka hata kwa mia mbili. Akaniletea mlangoni pamoja na nusu mfuko wa peleti. "Mpe hizi tu, dadangu. Huyu hana shida."

Nikampa hizo tu. Asubuhi peleti, jioni peleti, na katikati, kwa mapenzi, karoti. Siku nyingine ganda la mkate. Siku ya Idi kipande cha hamri, alikila akaomba kingine, na mimi nikampiga picha. Nayasema haya mapema ili mjue kwamba huu si ugomvi wa mtu msafi.

Usiku mmoja wa Januari, kaskazi imekaza, ukuta wenyewe unatoa jasho, nilirudi kazini nikamkuta amejikunja pembeni kama mtu aliyefungiwa nje. Sahani ya peleti haijaguswa. Trei yake ya choo haina kitu. Sungura mzima hudondosha mamia ya punje kwa siku, ukimfuga unazikuta hadi ndani ya viatu, na mimi nilikuwa nimezoea kuzilaani. Usiku ule nilipiga magoti na tochi ya simu nikitafuta hata moja. Nilipata tatu, ndogo kama mbegu za pilipili manga, zimeunganishwa na unywele. Nikamletea karoti, akageuza uso. Nikamletea ndizi, akageuza uso. Nilimsikia anasaga meno, nikajiambia afadhali, kumbe amestarehe. Kumbe sungura akisaga meno kwa nguvu vile ni maumivu.

Asubuhi nilikuwa wa kwanza kwenye duka la dawa za mifugo. Silitaji, na halina haja ya kutajwa, maana yako mengi na nadhani ningejibiwa hivyo hivyo popote. Nilimweleza kijana wa kaunta: hali, hachoki, amevimba tumbo. Akasikiliza vizuri. Kisha akauliza, "Ana kilo ngapi?"

Moyo ukatulia. Nikajua anapima dozi. "Kilo mbili na kitu," nikasema.

"Basi mchinje leo, dada, kabla hajaanza kupungua."

Nilipokataa hakukasirika. Alinitolea pakiti ya unga wa antibayotiki ya kuku, "hii inashika kila kitu," na kilo moja ya peleti mpya, kwa sababu labda zile zimepoteza ladha. Sijui ni malaika gani aliyenishika mkono nisimpe. Nyumbani nilikuwa na chupa ya amoksilini ya maji iliyobaki, na nilikuwa nishaanza kufikiria nusu kijiko. Leo najua ningemuua. Amoksilini na jamii yote ya penisilini, ikipita mdomoni mwa sungura, huua bakteria wema wa tumboni mwake na kuwaachia uwanja wabaya, na mara nyingi mnyama anakufa kwa dawa wala si kwa ugonjwa.

Daktari wa mifugo nilimpata kwa namba ya rafiki ya rafiki. Wengi niliowapigia kabla yake walikuwa wa ng'ombe, au wa mbwa wa Nyali. Huyu alikuja jioni baada ya kazi zake, akavua viatu mlangoni, akakaa chini sakafuni. Alimpiga maji chini ya ngozi, sindano ya maumivu, akamkanda tumbo polepole. Aliniambia wazi, bila haya, kwamba chuoni sungura alikuwa kurasa chache na zote zilikuwa za nyama, mengine amejisomea. Halafu akaniuliza swali moja.

"Nyasi anakula?"

Nikamwambia hapana, daktari, anakula chakula cha sungura.

Alinitazama kwa muda kisha akasema, "Nyasi *ndiyo* chakula cha sungura."

Hapo ndipo hasira yangu ilipoanzia, na nimeona niieleze kwa utaratibu, kwa sababu ukikasirika ovyo unaonekana mwenda wazimu anayelilia sungura.

Sungura hawezi kutapika. Kikishaingia ni lazima kipite kote, kitoke. Na utumbo wake hausukumwi na kitu kingine ila nyuzinyuzi, zile ndefu na ngumu za nyasi, ambazo hazisagiki kirahisi na ndiyo kazi yake. Zinasukuma. Zile ndogo huchujwa zikarudi kwenye mfuko mkubwa ulioko mwishoni mwa utumbo mwembamba, na humo bakteria huzichachusha kama mnazi kwenye kibuyu. Kinachotoka humo ni kinyesi cha aina ya pili, laini, kama kishada cha zabibu ndogo, ambacho sungura hukila moja kwa moja kutoka nyuma, hasa usiku. Ndiyo, anakila, msinune. Hicho ni chakula chake cha pili, kina vitamini na protini. Ukimjaza wanga na sukari, kile kiwanda chote kinaharibika: bakteria wabaya wanashamiri, gesi inajaa, utumbo unapunguza mwendo, na kwa kuwa tumbo linauma anaacha kula, na kwa kuwa ameacha kula utumbo unasimama kabisa. Sungura aliyekaa nusu siku bila kula ni mgonjwa wa dharura. Meno nayo hayaishi kuota, milimita mbili tatu kila wiki maisha yake yote, na kinachoyasaga ni kule kutafuna nyasi saa nyingi. Peleti huvunjika kwa sekunde mbili.

Sasa turudi kwenye ule mfuko, maana mimi usiku ule niliusoma. Nilikaa sakafuni na Waziri kwenye mapaja, bomba la sindano lisilo na sindano mkononi, namlisha matone ya maji na majani niliyosaga kama alivyoelekeza daktari, na nikausoma mfuko kama mtu anayesoma mkataba alioutia saini zamani. Kila neno lilikuwa la uzito. Kukua haraka. Faida kwa mfugaji. Hakuna popote palipoandikwa mwaka wa pili.

Kwa sababu hakuna mwaka wa pili. Kwenye mashamba makubwa ya Ulaya sungura wa nyama huchinjwa akiwa na wiki 10 hadi 12. Hapa kwetu, kwa vile hatuna haraka na chakula ni ghali, miezi 4 au 5. Peleti zile zimepigiwa hesabu kwa ajili yake yeye. Si chakula kibaya. Ni chakula kizuri sana cha mnyama ambaye hatafika umri wa kuumwa nacho. Ini lake likijaa mafuta, nani ataliona? Litakuwa kwenye sufuria. Sungura akitunzwa huishi miaka 8 hadi 12, na katika miaka hiyo yote hakuna hata mwezi mmoja uliofikiriwa na aliyetengeneza ule mfuko, wala aliyeuuza, wala, tuseme kweli, mimi niliyeununua.

Ndiyo maana yule kijana wa kaunta aliniuliza kilo. Hakuwa mkatili. Alikuwa anazungumza lugha ya bidhaa anayouza. Duka zima lile limejengwa juu ya swali la kilo, na mimi niliingia na swali la miaka. Na afadhali yeye aliniuzia peleti za sungura. Wako wanaouziwa chakula cha vifaranga wampe sungura, eti vyote ni mifugo. Chakula cha vifaranga mara nyingi kimetiwa dawa ya kuzuia kuhara damu, na baadhi ya dawa hizo kuku anazimudu ila kwa sungura ni sumu. Ukimuuliza muuzaji, atakwambia wengi wananunua na hawajarudi kulalamika. Si wangerudije?

Karoti nayo. Nani alituambia sungura hula karoti? Si bibi zetu. Wazee wa Mvita walikuwa na jina lao, kitungule, na yule wa ngano zao, mjanja wa kumchezea fisi, ni mnyama wa porini, mwenye miguu mirefu, ambaye hakuwahi kuwa ndugu wa karibu wa huyu wetu wa kizimbani. Huyu asili yake ni Uhispania na kando zake. Sote tumewaita sungura tukamaliza. Karoti tuliipata kwenye televisheni, kwa Bugs Bunny wa Marekani, tangu mwaka 1940, na hata huyo pozi lake la kutafuna huku anaongea linasemekana liliigwa kwa Clark Gable katika filamu ya 1934. Yaani sungura wa Chaani alikuwa anavimbiwa kwa sababu mcheza sinema mmoja alikula karoti miaka tisini iliyopita. Majani ya karoti ni mazuri, mpe. Mzizi una sukari, kipande cha ukucha kinatosha. Beatrix Potter aliyajua haya mapema zaidi: katika kitabu chake cha 1902, Peter Rabbit hula saladi na maharagwe na figili za watu hadi anaumwa tumbo. Hiyo sehemu hatukuinakili.

Haya, tuje kwa wenye hoja ya unga, maana nyinyi ndio wengi na nyinyi ndio mnaojiona wema.

Mnasema ni dhambi kumnunulia mnyama chakula wakati kuna watoto wanalala njaa. Nakubali njaa ipo. Ipo kwenye ploti yetu, najua ni mlango gani. Lakini hebu tazameni ndani ya peleti. Pumba za mahindi, pumba za ngano, mashudu ya alizeti au ya pamba, soya. Ngano nyingi ya nchi hii hushuka hapo bandarini, mnaona malori yake yanapita Magongo usiku kucha. Bei ya unga ikipanda na bei ya peleti inapanda, kwa kuwa zinatoka ghala moja. Sungura anayelishwa peleti ndiye anayekula karibu na sahani ya mtu. Anayekula nyasi hajamgusa mtu yeyote, maana hakuna hata mmoja wetu anayeweza kula ukoka. Kwa hiyo kama kweli shida yenu ni unga, mlipaswa kuwa upande wangu tangu mwanzo, mnamlaumu anayejaza sahani ya peleti, mnamsifu anayekata nyasi. Lakini sijawahi kusikia mtu akimwambia mfugaji wa nyama kwamba anakula unga wa watoto. Hoja ya njaa huletwa tu pale mnyama anapopendwa. Akichinjwa, chakula chake kinaitwa mtaji. Akiachwa aishi, kinaitwa anasa.

Na hilo la kuzaa, shangazi, kwa heshima zote shikamoo, tuliache. Sungura hajachukua nafasi ya mtu.

Upande wa pili nako kuna wenzetu wa simu. Niliposema Waziri anaumwa, kuna waliokuja na huruma kubwa na maelekezo: mnunulie nyasi za timothy, za pakiti, zinaagizwa. Niliiona bei. Kwa pesa ile ningempangishia Waziri chumba chake. Na wanasema kama kwamba bila timothy humpendi mnyama wako. Timothy ni nyasi tu, jamani. Zilipewa jina la Timothy Hanson, mkulima wa Marekani wa karne ya 18 aliyezieneza. Zetu zinazouzwa kwa marobota, zile wafugaji wa bara wanazopanda, zinaitwa Rhodes, kwa jina la Cecil Rhodes, yule yule. Nyasi za Afrika tangu asili, ila mzungu alizipanda kwenye shamba lake zikabatizwa. Nacheka kila nikinunua. Sungura wa Mhispania, nyasi za Rhodes, karoti ya Clark Gable. Lakini tumbo halisomi jina. Linachotaka ni nyuzinyuzi ndefu, kavu, safi, nyingi, kila siku rundo la ukubwa wa mwili wake mwenyewe au zaidi. Rhodes inazo. Ukoka unazo.

Sasa, ukoka. Hapa ndipo mambo yalinishinda.

Daktari alipoondoka aliniambia, "Chakula bora ni cha bure, kiko nje." Nikatoka nje. Nilitembea Changamwe nzima na kisu na mfuko wa gunia, mchana wa Jumamosi, watu wananitazama. Nyasi zipo. Ziko kando ya barabara ambako malori ya makontena yanaegesha mpaka usiku, na ukizishika vidole vinatoka vyeusi. Ziko kandokando ya reli. Ziko kwenye mitaro, kijani kibichi kabisa, ile kijani ya kutilia shaka, zinakunywa maji ya vyoo. Ziko nyuma ya magereji, zimenyweshwa oili chafu. Nyasi nzuri kuliko zote za Changamwe ziko ndani ya ua wa uwanja wa ndege, ekari na ekari, zinakatwa na kutupwa, na ukisimama karibu na ule ua na kisu na gunia utaelezea vizuri sana unachotafuta.

Nilisimama pale Magongo nikakumbuka Owino Uhuru. Mikindani si mbali, ni jirani zetu. Kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kilimwaga risasi pale, madini ya risasi, kwenye hewa na maji na udongo, wanyama wakafa, watoto wakaugua, na ilichukua miaka ya Phyllis Omido na wenzake kupiga kelele ndipo mtu akasikia. Omido alipata Tuzo ya Goldman mwaka 2015. Mwaka 2020 mahakama ya mazingira ya Mombasa ikaamuru watu walipwe shilingi bilioni 1.3, kisha zikafuata rufaa hadi Mahakama ya Juu. Silinganishi sungura wangu na watoto wale, na atakayesema nimelinganisha hajasoma. Nasema hivi: mtu wa Nyali akiambiwa "mkatie nyasi bustanini," anakata. Mtu wa Changamwe akiambiwa hivyo inabidi kwanza ajiulize udongo ule umekunywa nini. Chakula cha bure cha mnyama anayekula ardhi kinahitaji ardhi safi, na sisi ardhi yetu imekuwa ya kuegesha, kumwaga na kupitisha. Ninyi mnaosema sungura wa mjini ni ulimbukeni, mimi nasema sungura ndiye alinifanya nione kwamba kata nzima haina hatua kumi za nyasi ninazoweza kumpa mnyama bila wasiwasi. Watoto wanacheza mpira juu ya nyasi hizo hizo. Wanaanguka, wanajifuta mkono, wanakula mabuyu.

Aliyetuokoa ni hawe wangu, yuko Kaloleni. Nilimpigia simu kumsalimia, nikamweleza, naogopa kuchekwa. Alicheka, lakini si nilivyotarajia.

"Mjukuu wangu, mnyama wa nyasi mwampa uji, kisha mwauliza mbona aumwa tumbo?"

Uji. Amefuga mbuzi maisha yake yote na hajawahi kuona peleti, na kwa neno moja alimaliza kilichomchukua daktari nusu saa. Wiki ile ile gunia likashuka na matatu, makanga analalamika kwamba linawasha. Ukoka wa shambani, mchunga wa kwenye mahindi, majani ya viazi vitamu. Alinifundisha kwa simu: nyasi zikatwe kabla hazijatoa mbegu, zianikwe kivulini si juani, zigeuzwe, na zisifungwe zikiwa na unyevu. Hilo la unyevu nililipuuza mara moja. Mombasa si bara. Hewa yetu yenyewe ni maji. Robota langu la kwanza la Rhodes nililiegemeza ukutani, baada ya wiki mbili likatoa harufu ya chumba kilichofungwa na ndani likawa na vumbi la kijivu. Ukungu. Nikalitupa lote, shilingi 400, na nikalia kidogo, sio kwa ajili ya pesa tu. Sasa nyasi zinakaa kwenye gunia la katani, juu ya kreti, mbali na ukuta, na huwa nazinusa kabla ya kumpa. Pua yako ikikataa, usimpe.

Mtu atauliza basi anakula nini, kwa hiyo nimjibu. Nyasi kavu siku nzima, hazikosekani, mchana na usiku. Jioni konzi moja ya majani: mchunga, ile mboga yetu chungu ambayo anaipenda kupita kiasi, matembele, giligilani, majani ya karoti anayonipa mama wa mboga bure kwa sababu yeye huyatupa. Jani jipya naliingiza moja moja, kidogo, nangoja siku mbili nitazame choo. Kabichi nimeacha, inamjaza gesi. Kisamvu kibichi hapana kabisa, kina sumu. Peleti zimebaki vijiko viwili kwa siku, na kuzipunguza kulichukua wiki tatu, maana ukikata ghafla unamvuruga tena. Kipimo kinachotajwa sana kwa sungura mzima mwenye afya ni takriban gramu 25 kwa kila kilo ya uzito wake. Waziri kwa tumbo lake anapata chini ya hapo. Na maji kwenye bakuli, na kaskazi ikikaza chupa ya maji yaliyoganda niliyoifunga kwa kitambaa, aiegemee, maana sungura hatoki jasho na joto peke yake linatosha kumwachisha kula.

Alichukua siku nne kurudi. Siku ya tatu asubuhi nilikuta punje moja kwenye trei, kubwa, mviringo, kavu, yenye nyuzi ukiivunja. Nilimtumia daktari picha. Akanijibu kwa emoji ya makofi. Shangazi alikuwa kwangu siku hiyo, akauliza ninachekea nini kwenye simu, nikamwonyesha. Hakusema kitu kwa muda mrefu. Halafu akasema chai imepoa.

Pale dukani nimerudi mara nyingi, kwa kuwa wanauza marobota. Yule kijana tumezoeana, siku hizi ananiita Mama Waziri. Nilimwambia habari ya amoksilini na habari ya chakula cha vifaranga, alinibishia sana ile mara ya kwanza, mara ya pili akaandika kwenye karatasi akaibandika nyuma ya kaunta. Mwezi uliopita nilikuwa pale nasubiri chenji, akaingia mtoto wa kama miaka kumi na boksi la viatu lililotobolewa matundu. Anataka chakula cha sungura, ana shilingi hamsini. Kijana akanyoosha mkono kwenye mfuko wa peleti kama kawaida, kisha akanitazama, akaurudisha.

"Huyo sungura ni wa nyama ama ni wa kukaa?"

Mtoto akafunua boksi kidogo, akachungulia ndani.

"Bado hatujaamua."